Zabibu za Dodoma: Mwenye Shamba na Mwenye Pipa

Pamba hungoja. Mkulima wa Shinyanga asipoipenda bei ya leo aweza kuiacha pamba yake ndani ya nyumba, akaifunika, akalala usingizi. Korosho ya Mtwara hungoja ghalani kwa miezi, na tangu mwaka 2007 mkulima wake amekuwa akipewa stakabadhi inayosema kuwa mali iliyomo humo ni yake hata mnunuzi apatikane. Mtama wa Ugogo hungoja katika kihenge mpaka mvua nyingine. Zabibu haingoji. Ikiisha kukatwa mtini, siku ya pili hulegea, siku ya tatu huanza kutoa maji, na baada ya hapo wanunuzi wake ni nyuki na inzi. Ikiachwa mtini kungojea bei nzuri, ndege huila, nayo iliyobaki hukauka na kupungua uzito. Mwenye zabibu hana kesho, na mnunuzi analijua hilo kabla hajatoka nyumbani kwake.

Yafaa wanachama na wafanyakazi waelewe vema habari hii, kwa maana wengi wetu twaijua zabibu ya Dodoma kwa sura mbili tu: kichala kinachoinuliwa dirishani mwa basi ili abiria anunue, na chupa inayowekwa mezani siku ya karamu. Kati ya kichala na chupa ipo kazi ya miezi mingi ya baba, mama na watoto wao, na ipo pia faida ambayo mara nyingi haiwafikii. Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi hawanywi mvinyo, wengine kwa sababu ya dini na wengine kwa sababu ya mfuko. Hatuwaombi wanywe. Twawaomba wafuate jasho la mkulima huyu, walione linakopotelea.

Dodoma iko juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Msimu wake wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na katika mwaka wa kawaida mvua hiyo haizidi sana milimita 600. Kwa mwenye mahindi hiyo ni ardhi ya mashaka. Wagogo wameishi juu yake kwa mtama, uwele na ng'ombe, na miaka ilipowageuka waliona njaa, kama ile iitwayo Mtunya iliyoangamiza watu wengi mno kati ya miaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuwachukulia nafaka, mifugo na vijana wao kwa ajili ya vita vyao. Lakini ukavu ule ule unaoyachoma mahindi ndio unaopendwa na mzabibu. Mti huu huchukia hewa ya unyevu, kwa kuwa unyevu huzaa ukungu, na ukungu ndio adui yake mkubwa. Jua kali la Julai na Agosti, usiku wenye baridi kidogo, na udongo usiotuamisha maji: hivyo ndivyo vinavyoitia tunda sukari.

Mizabibu ililetwa mkoani humo na wamisionari wa Kikatoliki, ambao katika miaka ya 1950 waliipanda Bihawana. Kutoka bustani za misioni ikaingia katika mashamba ya wananchi, na leo mtu aweza kuiona Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Mvumi, Veyula, Buigiri na vijiji vingine vingi. Kituo cha utafiti kilichoko Makutupora, kaskazini ya mji, kimeutumikia mzabibu kwa miaka mingi, na aina nyekundu iliyopewa jina la mahali hapo ndiyo iliyojaa katika mashamba ya watu wadogo. Kwa mvinyo mweupe hupandwa zaidi aina iitwayo Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Wako pia wanaopanda Syrah na Cabernet Sauvignon, nazo za Ufaransa, lakini hizo kwa mtu mwenye ekari moja si za kawaida.

Nasi twamzungumzia huyo huyo mwenye ekari moja. Mashamba makubwa yana mameneja, na mameneja wana wasemaji.

Ekari moja ya mizabibu ikipandwa mistari ya mita 3, na mche hata mche mita 1 na nusu, huchukua miche karibu 900. Kila mche unahitaji shimo lenye kina, na kila shimo lahitaji debe la samadi. Hapo Mgogo yu tajiri kuliko wakulima wengi, kwa kuwa zizi liko mlangoni. Baada ya mashimo huja nguzo na nyaya, na hizo ndizo zinazouvunja mfuko. Mzabibu hausimami wenyewe. Hutambaa kama boga, na lazima utandazwe juu ya waya ili majani yapate hewa na vichala visiguse chini. Nguzo za miti huliwa na mchwa. Dodoma mchwa haombi ruhusa: nguzo iliyosimikwa leo bila dawa, baada ya mvua mbili yaweza kuwa ganda tupu, na mstari mzima ukalala chini na zabibu zake. Wengine humimina nguzo za saruji. Ni ghali, lakini mwenye uwezo hufanya hivyo mara moja akasahau.

Baada ya hayo yote familia hungoja. Mche hauzai mwaka wa kwanza. Zabibu za kuuzwa hupatikana katika mwaka wa pili au wa tatu, na wakati wote huo shamba linataka maji, palizi na mikono, ilhali halileti hata senti. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mkulima aliyechoka na bei aweza kung'oa mizabibu leo na kupanda alizeti kesho. Amekwisha kuzika ardhini akiba ya miaka. Mzabibu uliotunzwa huishi miaka 20, 30 na zaidi, na kwa muda wote huo unamfunga mwenyewe mahali pamoja kama ng'ombe wa maziwa.

Yapo mambo mengi katika kilimo hiki, lakini kiini chake ni mkasi. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi: majani hupukutika, mti ukaonekana kama umekufa, na joto likirudi huchipua. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiachwa utaendelea kutoa majani mwaka mzima, matunda machache huku na huku, bila mpango. Mkulima ndiye anayeuletea majira kwa mkono wake. Akipogoa, huukata mti mpaka ukabaki shina, mikono yake miwili juu ya waya, na vijiti vifupi vyenye macho mawili au matatu. Kutoka katika macho hayo hutoka machipukizi mapya, na katika machipukizi mapya ndimo vinamotokea vichala. Tangu siku ya mkasi hata siku ya kuvuna hupita kiasi cha miezi minne. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia halipati: anayepogoa Aprili au Mei huvuna Agosti na Septemba, na anayepogoa Oktoba au Novemba huvuna Februari na Machi.

Kupogoa kunaonekana kuwa kazi ya nguvu, na watu wasioijua huwapa vijana wakaimalize haraka. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Anayeacha macho mengi kwa tamaa ya vichala vingi hupata vichala vingi vyenye maji, visivyo na sukari, na mti wake huchoka kabla ya wakati. Anayekata mno hupata majani. Lazima mtu autazame kila mti peke yake, aone ulivyozaa msimu uliopita, unene wa vijiti vyake, na mahali jua linapoingilia, kisha ndipo akate. Tunawajua akina mama ambao hawakusoma zaidi ya darasa la nne nao husoma mti wa mzabibu kama mhasibu asomavyo daftari. Ustadi wa namna hiyo katika kiwanda ungepewa daraja na mshahara wake. Shambani hauna hata jina.

Mavuno mawili hayalingani. Yale ya Februari na Machi hukua katika mvua, na mvua huleta magonjwa ya ukungu: ubwiri unga, ambao hupaka majani na tunda vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, ambao hushika upande wa chini wa jani. Kwa ule wa kwanza hutumika salfa, ile ile wanayoijua wakulima wa korosho. Kwa ule wa pili hutumika dawa za shaba, zilizo ndugu wa ule mchanganyiko wa mrututu na chokaa ambao wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wameutumia tangu zamani, na ambao ulianzia katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux mnamo mwaka 1885. Dawa hizi ni fedha, na mvua ikinyesha baada ya kupulizia, fedha hiyo imeoshwa. Mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yenye sukari zaidi na magonjwa machache, lakini hayo hudai maji ya kumwagilia. Na maji Dodoma ni neno zito. Mwenye shamba karibu na bwawa la Hombolo, au mwenye kisima, ana bahati. Huko Chinangali, katika Wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo waliunganisha maeneo yao katika shamba moja lenye umwagiliaji wa matone, ambapo mpira mwembamba huupa kila mti tone kwa tone, badala ya kumwaga maji njiani. Ni mpango wenye akili, na tutaurudia.

Zabibu zikianza kubadili rangi, nyumba nzima huhamia shambani. Ndege hawana siku ya mapumziko. Watoto hupiga madebe kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, na katikati ya mchana ni zamu ya bibi. Huo ndio wakati wa kuacha kumwagilia, kwa sababu maji mengi karibu na mavuno huongeza uzito na kupunguza utamu. Hapo pana jaribu: auzaye kwa kilo huona faida katika maji. Lakini mnunuzi wa kiwandani huja na kipima sukari, kijidubwasha kidogo kama darubini, akatia tone la maji ya zabibu juu ya kioo na kuangalia kuelekea juani. Namba aionayo yeye mkulima haioni, isipokuwa akiombwa aitazame. Na wako wanunuzi wasiopenda kuombwa. Kifaa hicho si cha ajabu wala si cha bei isiyofikika kwa watu kumi waliochanga. Kijiji chochote kinacholima zabibu kisichokuwa na kipima sukari chake chenyewe kinauza kwa kufumba macho.

Sukari ndiyo pombe ya baadaye. Kwa kadiri ya gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu, hamira hutengeneza sehemu moja katika mia ya kilevi. Zabibu yenye gramu 200 kwa lita hutoa mvinyo unaokaribia sehemu 12 katika mia. Yenye gramu 150 haifiki 9, na mvinyo wa namna hiyo hauwekeki, huharibika upesi. Kwa hiyo madai ya kiwanda juu ya sukari si hila tupu. Yana haki ndani yake. Ubaya ni pale kipimo kinapokuwa mkononi mwa upande mmoja.

Basi ifikirie siku ya mavuno. Kazi imeanza alfajiri, kwa maana zabibu hukatwa ingali baridi. Kreti zimejaa, zimepangwa chini ya mti. Gari la mnunuzi lilisemwa lingefika saa tatu. Saa sita halijafika. Saa tisa linafika, na bwana aliyemo anasema kwamba kiwanda kimejaa, mapipa hayana nafasi, wenzako wa kijiji cha pili wamekubali bei pungufu, wewe wasemaje? Mkulima atasema nini? Mbele yake kuna tani mbili za kitu ambacho kesho hakitakuwa na bei. Hakuna haja ya bwana yule kuwa mwovu. Hata angekuwa mtu mwema, mwendo wa mambo wenyewe umemweka juu na kumweka mkulima chini. Ndiyo maana twasema kwamba kuwalaumu walanguzi peke yao, kama tulivyozoea, ni kuwapa sifa kubwa mno. Mwenye nguvu ni mwenye pipa.

Tulitazame pipa hilo. Zabibu zikifika kiwandani huvunjwa. Kwa mvinyo mweupe maji hukamuliwa mara moja na kutengwa na maganda. Kwa mwekundu maganda huachwa ndani, kwa kuwa rangi imo katika ganda wala haimo katika maji. Hamira huingia kazini, sukari hugeuka, pipa huchemka lenyewe bila moto kwa siku kadhaa, na katika joto la Dodoma yapasa lipozwe, la sivyo hamira hufa au mvinyo hupoteza harufu yake. Kisha hutulia, machicha hushuka chini, na kile kilicho juu huhamishiwa katika tangi safi lililojazwa hadi shingoni, kwa sababu hewa ikikaa juu yake hugeuka kuwa siki. Kitu hicho ndicho watu wa Dodoma wanachokiita mchuzi wa zabibu. Hakijatiwa katika chupa, hakina nembo wala karatasi ya kupendeza, lakini ndani yake mvinyo umekwisha kuwapo. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mchuzi, ukiwekwa vizuri, hungoja. Hungoja miezi. Hungoja bei.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Tani moja ya zabibu hutoa lita 650 hivi za mvinyo. Tuseme ekari moja imetoa tani 4: hizo ni lita 2,600, yaani chupa 3,400 na zaidi za ukubwa wa kawaida. Kilo moja na robo ya zabibu yatosha kujaza chupa moja. Mfanyakazi anayesoma ukurasa huu, akipita dukani jioni, na aitazame bei ya chupa ya mvinyo wa Dodoma. Kisha siku akienda Hombolo au Mpunguzi aulize mkulima kapewa nini kwa kilo. Hatusemi kwamba tofauti yote ni wizi. Chupa ni fedha, kizibo ni fedha, ushuru, umeme, gari na duka ni fedha. Twasema kwamba katika safari yote ile mkulima hukaa kituo cha kwanza tu, nacho ndicho kituo chenye hatari zote: mvua, mchwa, ukungu, ndege, gari lililochelewa.

Umma uliwahi kuwa na pipa lake. Dodoma palikuwa na kiwanda cha shirika la umma, DOWICO, kilichonunua zabibu za wananchi na kuuza mvinyo wa Dodoma nchi nzima. Hatutaki kukipamba: mashirika yetu mengi ya wakati ule yalilipa kwa kuchelewa na kuendeshwa kwa uzito, na mkulima aliyelipwa baada ya mwaka hakujali sana kama aliyemcheleweshea alikuwa bepari au mjamaa. Lakini viwanda vya umma vilipofungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990, mizabibu haikufungwa. Iliendelea kuzaa, na hapakuwa na wa kuipokea. Watu waliitazama ikioza, wengine waling'oa. Miaka ya 2000 wakaja watu binafsi na viwanda vyao, vikubwa na vidogo, nasi twakiri kwamba wao ndio waliourudishia mzabibu uhai. Serikali nayo imeweka katika sheria ya ushuru kiwango kilicho chini zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, ili kiwanda kione faida ya kununua Dodoma kuliko kuleta mchuzi kutoka ng'ambo. Ni hatua ya haki. Hata hivyo mtu aulize: punguzo hilo la ushuru laishia wapi? Sheria imempunguzia mwenye pipa. Haikumwambia agawane na mwenye shamba.

Mambo haya si mageni duniani. Katika kusini ya Ufaransa, mwanzoni mwa karne iliyopita, wakulima wadogo wa zabibu walikuwa katika hali hii hii. Bei ilianguka, wafanyabiashara walichanganya mvinyo na maji na sukari, na mwenye eka mbili alidaiwa kila upande. Mwaka 1907 walijaa barabarani kwa malaki. Inasemekana siku ya tarehe 9 Juni mjini Montpellier walifika watu nusu milioni. Serikali ya Clemenceau ilipeleka askari, na mjini Narbonne watu waliuawa kwa risasi. Kikosi kimoja cha askari, ambao wenyewe walikuwa watoto wa wakulima wale wale, kiliasi. Mwezi ule ule ikatungwa sheria ya kuzuia mvinyo wa uongo.

Lakini kabla ya damu hiyo kumwagika, watu wa kijiji kimoja cha huko, Maraussan, walikuwa wamekwisha kuanza njia nyingine. Mwaka 1901 waliungana wakaunda chama cha ushirika, wakauza mvinyo wao kwa pamoja, na baada ya miaka michache wakajenga ghala na mapipa yao. Wakauza kwa nani? Waliwauzia wafanyakazi wa Paris, kupitia maduka ya ushirika ya wafanyakazi wenyewe, bila dalali katikati. Mkulima akapata bei, na mfanyakazi akapata mvinyo usiotiwa maji. Jean Jaurès, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa wajamaa wa Ufaransa, alikwenda kuwatazama mwaka 1905. Baadaye vyama vya namna hiyo vikaenea katika nchi ile kwa mamia. Wale watu hawakuwa wasomi wala matajiri. Walikuwa na ekari moja moja, kama watu wa Mbabala.

Twajua jibu litakalotolewa: ushirika tumeujaribu. Ndiyo, tumeujaribu, na tumeutesa pia. Vyama vikuu vya ushirika vilivyojengwa na wakulima tangu enzi za mkoloni vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kati ya miaka hiyo mengi yalipotea ambayo hayakurudi. Wengine wameibiwa na makatibu wao. Wengine wamechukua mkopo wa pamoja bila kuisoma karatasi. Habari ya Chinangali yafaa kutazamwa hapa. Kuunganisha mashamba na maji ni jambo jema kabisa, lakini maji huongeza zabibu, hayaongezi mapipa. Ukiongeza mavuno ya watu mia kwa wakati mmoja, yakaiva wiki moja, na wanunuzi wakabaki walewale wawili au watatu, umemwongezea nguvu nani? Mkopo wa benki una tarehe, na tarehe haijui kwamba gari halikufika. Kila mpango wa kuongeza ekari za zabibu unaopitishwa bila kutaja lita ngapi za matangi zitaongezwa ni mpango nusu, na viongozi wetu wa wilaya na mkoa wanapoupigia makofi wangeuliza nusu ya pili iko wapi.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, kitu cha kwanza cha kununuliwa na chama cha msingi cha wakulima wa zabibu kisiwe ofisi wala pikipiki ya katibu. Kiwe kipima sukari na mizani. Cha pili kiwe kikamulio na matangi ya chuma kisichoshika kutu, hata kama ni machache, hata kama yatachukua robo tu ya mavuno ya wanachama. Robo yatosha kubadili mazungumzo. Bwana wa gari akijua kwamba zabibu alizozikataa zitaingia tangini jioni ile ile, atafika saa tatu. Na mchuzi ukiwa tangini, umepimwa, umeandikwa ni wa nani na ni lita ngapi, kwa nini usipewe stakabadhi kama korosho ya Mtwara, mkulima akachukua sehemu ya fedha yake kwa ajili ya ada ya shule huku mali ikingoja bei? Tangi ndilo ghala la zabibu. Ghala jingine hakuna.

Hatufichi kwamba kazi ya tangi ni ngumu. Yataka usafi wa hospitali. Mpira mmoja usiooshwa waweza kugeuza lita elfu kuwa siki, na katika ushirika siki hiyo ni ya watu mia. Yamtaka kijana aliyefunzwa hasa, anayelipwa vizuri asihame, na anayeruhusiwa kumkatalia mwenyekiti aletaye zabibu mbichi za shemeji yake. Hili la mwisho ndilo tunalolihofia kuliko mashine. Zabibu mbovu moja ya mkubwa huharibu pipa zima la wadogo, na pale itakapokubaliwa kwa heshima, ndipo wanachama wema watakapoanza kuuza zao kwa siri njiani. Watani wa kijiji wasicheke: vyama vingi vimekufa kwa ugonjwa huu huu kabla ya kufa kwa deni.

Liko pia jambo la ardhi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukafanywa jiji mwaka 2018, viwanja vimekuwa vikipimwa mbali zaidi na zaidi, na mashamba yaliyokuwa nje ya mji yamejikuta ndani. Chama kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma, kilitaka mji ulio katikati ya wananchi. Mwenye mizabibu ya miaka 15 akipewa fidia ya ardhi kama ya pori, hajafidiwa. Wapimaji wahesabu nguzo, waya, na mavuno ya miaka ambayo mti ulikuwa bado nayo.

Wafanyakazi wa jiji hilo jipya, maelfu kwa maelfu, nao wana vyama vyao, kantini zao, na sherehe zao za Mei Mosi. Zabibu za mezani huliwa na kila dini. Maji matamu ya zabibu hunywewa na mtoto. Zabibu kavu ambazo maduka yetu huziagiza kutoka ng'ambo zaweza kuanikwa katika jua la Agosti ambalo halitozwi kodi. Chama cha wafanyakazi kinachonunua moja kwa moja kutoka chama cha wakulima, kwa mkataba ulioandikwa kabla ya mkasi kushika mti, kitakuwa kimefanya kitu walichokifanya watu wa Paris na Maraussan zaidi ya miaka mia iliyopita. Umbali kati ya Mpunguzi na ofisi za Serikali ni mdogo kuliko umbali kati ya vijiji vile na Paris.

Na tusisahau makapi. Zabibu zikiisha kukamuliwa hubaki maganda, kokwa na vijiti, kiasi kisichopungua kilo 150 kwa kila tani. Siku hizi mzigo huo huondoka kijijini ndani ya kreti pamoja na zabibu, na kubaki huko huko kiwandani. Likikamuliwa kijijini, ganda huchanganywa na samadi, likaoza msimu mmoja, na likarudi katika mashimo ya miti ile ile kabla ya kupogoa kwa Aprili.